Kupanda na kutunza migomba, kuanzia chipukizi hadi ndizi mbivu

Mkungu wa ndizi huamuliwa kabla haujaonekana. Siku unapochomoza juu ya mgomba, idadi ya chane zake imeshapangwa ndani ya gogo wiki nyingi nyuma, wakati mgomba ulikuwa ungali unatoa majani tu na mwenye shamba akidhani bado ana muda. Anayekumbuka samadi na maji baada ya kuona ua amechelewa. Anachoweza kufanya wakati huo ni kunenepesha ndizi zilizokwisha kutungwa, si kuongeza chane. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye mche, shimo na miezi ya mwanzo, na nitapita haraka kwenye mengine.

Ujue mmea wenyewe kwanza

Mgomba si mti. Gogo lake halina ubao ndani. Ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana tabaka kwa tabaka, na ndiyo maana panga hulipita kirahisi. Uhai wa mmea uko chini ya udongo, kwenye tunguu. Hapo ndipo mizizi inapotoka, majani yanapoanzia, na machipukizi yanapozaliwa. Gogo moja huzaa mkungu mmoja tu kisha hufa, lakini tunguu huwa limeshaacha watoto pembeni. Mama, watoto na wajukuu waliosimama pamoja ndio tunaowaita shina moja la migomba, na shina likitunzwa linaweza kuzaa kwa miaka mingi bila kupandwa upya.

Jambo la pili ni mbegu. Ndizi tunazokula hutunga bila kuchavushwa, na aina nyingi zina seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa mmea, badala ya mbili, kwa hiyo hazitoi mbegu zinazoota. Vile vidoa vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Mkulima huzidisha migomba kwa machipukizi, na kila chipukizi ni mama yake yuleyule: utamu uleule, urefu uleule, na mara nyingi magonjwa yaleyale. Mengi yatakayofuata yanatokana na hilo.

Mahali pa kupanda

Mgomba unapenda joto, maji na udongo wenye kina unaopitisha maji vizuri. Hukua kwa kasi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 26 na 30 za Selsiasi. Likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, ukuaji karibu unasimama, na baridi ya kugandisha huunguza majani yote. Udongo wenye kipimo cha pH kati ya 5.5 na 7 unafaa. Mwinuko wenyewe si kikwazo, kikwazo ni baridi yake: sehemu za baridi mkungu huchukua muda mrefu zaidi kukomaa.

Kitu ambacho mgomba hausamehe ni maji yaliyotuama. Unakunywa sana, lakini mizizi yake inahitaji hewa, na siku chache za mafuriko zinatosha kuiua. Kabla ya kupanda, nenda kaangalie eneo lako baada ya mvua kubwa. Maji yakikaa hapo hadi kesho yake, chimba mifereji au tafuta sehemu nyingine. Angalia na upepo pia. Majani kuchanika si tatizo kubwa, ila upepo mkali huangusha mgomba uliobeba, na mkungu ulioanguka kabla ya kukomaa ni kazi ya karibu mwaka mzima iliyopotea. Panda miti ya kukinga upepo upande unaovuma sana.

Chagua aina, na usichague moja tu

Ulimwenguni kuna zaidi ya aina 1,000 za ndizi. Karibu zote zimetokana na mimea ya porini miwili ya Asia ya Kusini-Mashariki, Musa acuminata na Musa balbisiana, ambayo watu waliifuga na kuichanganya kwa maelfu ya miaka. Huko Papua Guinea Mpya, kwenye kinamasi cha Kuk, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata dalili za kilimo cha migomba cha miaka karibu 7,000 iliyopita. Kuna za kula mbivu, za kupika zikiwa mbichi, na mizuzu ambayo hubaki na wanga mwingi hata ikiiva. Amua kwanza unataka kufanya nini na ndizi zako, kisha uliza ni aina zipi zinazostawi katika hali ya hewa kama yako.

Ushauri wangu ni kupanda aina zaidi ya moja, hata kama shamba ni dogo. Hadi miaka ya 1950, biashara ya ndizi duniani ilisimama juu ya aina moja iitwayo Gros Michel. Fangasi wa udongoni aliyeleta ugonjwa wa Panama akaingia mashambani, na kwa kuwa mimea yote ilikuwa mmoja uliorudiwa mara mamilioni, ulipougua mmoja hapakuwa na wa kuhimili. Wakulima wakubwa wakahamia Cavendish, ambayo leo ni karibu nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani. Kisha ikatokea aina nyingine ya fangasi huyohuyo, inayoitwa TR4, ambayo Cavendish haiwezi kuihimili. Ilianzia Asia, ikagunduliwa Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019. Kurudia kosa lilelile kwenye shamba lako mwenyewe hakuna sababu.

Mche safi

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu hupokea chipukizi lolote la bure, wakalichomeka ardhini, na mwaka unaofuata wanalaumu udongo.

Machipukizi hayalingani. Lenye majani mapana tangu likiwa dogo, na gogo jembamba lisilonenepa chini, limeshikamana na mama kijuujuu tu. Litakupa mgomba dhaifu na mkungu mdogo. Unalotaka ni lile lenye majani membamba yaliyochongoka, limesimama wima, pana chini na jembamba juu. Hilo limejijengea tunguu kubwa kabla ya kufungua majani, na tunguu ndilo ghala la chakula chake. Urefu wa kati ya nusu mita na mita moja na nusu unafaa. Lichukue kwenye shina lenye afya lililokwisha kuzaa mkungu mzuri, ili ujue unachokipanda.

Litenge na mama kwa sururu au panga la kuchimbia, utoe tunguu lote zima. Kisha fanya kazi ya kumenya, tena ifanye hapohapo ulipolichimba, si kwenye shamba jipya. Kata mizizi yote. Kwa kisu kikali ondoa ganda la nje la tunguu hadi ubaki na nyama nyeupe. Sasa angalia kwa makini. Tunguu zima huwa jeupe kama maziwa kila upande. Ukiona vijia vyeusi vilivyopita ndani, vimejaa unga wa kahawia, hiyo ni kazi ya mdudu anayeitwa fukusi wa migomba. Ukifuata kijia kwa ncha ya kisu mara nyingi utamkuta buu mweupe asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia. Ukiona madoa mekundu yanayokaribia weusi yaliyozama kwenye nyama au ndani ya mizizi, hiyo ni minyoo ya mizizi, midogo mno kuonekana kwa macho. Doa moja la juu unaweza kulikata ukaendelea. Vijia vikiwa vingi, litupe chipukizi hilo, usilionee huruma.

Baada ya kumenya, litie tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Muda huo unatosha kuua minyoo na mayai ya fukusi yaliyo juu juu, bila kupika kiini cha mche. Hesabu sekunde, usikisie. Mwenye kipimajoto anaweza kutumia njia ya zamani zaidi, maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 15 hadi 20, lakini kulinda joto hilo lisipande wala kushuka kunahitaji uangalifu. Litoe, liache lipoe kivulini, na ulipande ndani ya siku chache. Usiliache lilale usiku kucha kwenye shamba la zamani, kwa sababu harufu ya tunguu lililokatwa huwaita fukusi, nao hutembea usiku.

Maji ya moto hayatibu kila kitu. Hayaui bakteria wa mnyauko wala fangasi wa Panama, na virusi hubaki ndani ya mche. Kinga ya hao ni kutochukua kabisa machipukizi kwenye shamba lenye wagonjwa, hata kama chipukizi lenyewe linaonekana zuri. Njia nyingine ni miche ya maabara, ile inayozalishwa kwenye chupa kutokana na kipande kidogo cha kiini cha mgomba. Inakuja bila fukusi wala minyoo, na inakua kwa pamoja, jambo linalorahisisha mavuno. Udhaifu wake ni ulaini. Inunue ikiwa imeshalelewa kitaluni hadi kufika urefu wa sentimita 30 hivi na majani matano au sita, na uhakikishe ina maji ya kutosha miezi mitatu ya mwanzo. Kama huna maji, chipukizi lenye tunguu kubwa litakuvumilia zaidi.

Shimo na siku ya kupanda

Chimba mashimo mapema, wiki mbili hadi nne kabla ya mvua. Upana, urefu na kina cha sentimita 60 kinatosha udongo wa kawaida. Udongo mgumu au mkavu unataka zaidi. Unapochimba, weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Ule wa juu uchanganye na ndoo moja au mbili za samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni. Ule wa chini utumie kujengea kingo za kuzuia maji. Samadi mbichi usiitumie, itaunguza mizizi.

Kuhusu nafasi, aina fupi zinahitaji mita 2.5 kwa 2.5, ambayo ni mashina 1,600 kwa hekta. Aina ndefu zipe mita 3 kwa 3, yaani mashina 1,111. Wengi hubana wakidhani miche mingi ni mikungu mingi. Kumbuka kwamba kila shimo litakuwa na mama, mtoto na mjukuu kwa wakati mmoja, na majani yanayotiana kivuli hutoa mikungu myembamba na kuchelewa.

Panda mwanzoni mwa mvua. Weka tunguu katikati ya shimo, sehemu yake ya juu iwe sentimita 20 hadi 30 chini ya usawa wa ardhi, shindilia udongo kwa mguu na uache kisahani cha kukusanyia maji. Kina hicho kina sababu yake. Kila kizazi cha mgomba huota juu kidogo ya kilichotangulia, na baada ya miaka kadhaa matunguu huanza kuonekana juu ya ardhi, mizizi ikiwa wazi na mgomba ukiangushwa na upepo mdogo. Ukipanda chini, umejinunulia miaka. Ukipanda kwa kina kifupi, utalazimika kupandishia udongo mapema.

Miezi ya kwanza

Sasa ndipo mkungu unapotengenezwa. Kwenye joto zuri mgomba wenye afya hutoa jani jipya kila siku 7 hadi 10, na kwa kawaida hutoa majani 30 hadi 40 na ushee kabla ya ua kuchomoza. Kila jani linalochelewa kwa kiu, njaa au magugu linapunguza kitu kwenye mkungu ambao bado hujauona.

Maji kwanza. Kadiria milimita 25 za mvua kwa wiki, sawa na lita 25 kwa kila mita ya mraba. Mvua isipofika hapo, mwagilia. Jani la mgomba wenye kiu hujikunja pande zote mbili za uti wake hata asubuhi, na ukiona hivyo wiki baada ya wiki, usishangae mkungu utakapotoka na chane nne.

Magugu yaondoe, lakini usilime kwa jembe karibu na shina. Mizizi mingi ya mgomba iko kwenye sentimita 30 hadi 40 za juu, na kila pigo la jembe linaikata na kufungua mlango wa magonjwa. Fyeka, au ng'oa kwa mkono, kisha funika ardhi kwa matandazo: nyasi kavu, mabaki ya mazao, majani makavu ya migomba yenyewe. Unene wa sentimita 10 huhifadhi unyevu na huzuia magugu kwa muda mrefu. Acha nafasi ya nusu mita hivi kuzunguka gogo bila matandazo, kwa kuwa fukusi hupenda kujificha kwenye unyevu ulio karibu na tunguu. Kabla migomba haijafunga kivuli, panda maharage au jamii nyingine ya kunde katikati ya mistari; yanafunika ardhi na kuilisha.

Kwenye mbolea, ulafi mkubwa wa mgomba ni potasiamu, kisha naitrojeni. Kila mkungu unaoondoka shambani unaondoka na potasiamu nyingi, na usipoirudisha, shina huchoka mwaka hadi mwaka. Mmea wenyewe hukuambia. Majani ya zamani yakigeuka njano ya rangi ya chungwa kuanzia ncha na kingo, kisha yakavunjika na kuning'inia mapema, potasiamu imepungua. Majani yote yakiwa na kijani kilichofifia na vikonyo vikichukua wekundu, ni naitrojeni. Samadi na mboji hutoa vyote viwili polepole. Majivu ya kuni yana potasiamu nyingi, lakini hupunguza asidi ya udongo, hivyo kama udongo wako tayari hauna asidi usiyatumie. Kama unatumia mbolea ya dukani, igawe mara nyingi kidogo kidogo wakati wa mvua, badala ya kumwaga yote siku moja ikachukuliwa na maji. Iweke kwenye duara umbali wa nusu mita kutoka kwenye gogo, wala usiitie kwenye kitako cha mgomba.

Mama, mtoto, mjukuu

Baada ya miezi michache shina litaanza kutoa machipukizi, na hapa wengi hushindwa kwa sababu ya kuona uchungu. Ukiyaacha yote, yatamnyonya mama, yatanyonyana yenyewe, na baada ya miaka miwili utakuwa na kichaka chenye magogo kumi na mikungu ya kutia huruma. Kanuni ni watatu kwa shina: mama anayezaa, mtoto aliyefikia karibu nusu ya urefu wake, na mjukuu anayeanza kuchomoza.

Chagua mtoto wa kwanza mama akiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Sifa zake ni zilezile za mche mzuri: majani membamba, kitako kinene, limetoka chini na si kwenye bega la tunguu. Lakini ongeza sifa ya nne, ambayo ni upande alipo. Ukichagua watoto wa mashina yote walioota upande mmoja, shamba zima husogea kwa pamoja na mistari hubaki imenyooka hata baada ya vizazi vitano. Kwenye mteremko chagua wa upande wa juu, maana wa chini huelekea kufukuliwa na maji.

Waliobaki waondoe wakiwa hawajazidi sentimita 30. Kukata tu juu ya ardhi hakusaidii. Kata chipukizi na urudi kesho: katikati ya ile sehemu iliyokatwa utaona ncha ya jani imeshajisukuma juu kwa sentimita kadhaa, kwa kuwa kiini kinachotoa majani kiko chini, kwenye tunguu. Kata usawa wa ardhi, kisha choma ncha ya panga au kijiti kigumu katikati na uzungushe hadi kiini kitoke. Rudia kazi hii kila baada ya wiki nne hadi sita.

Usikate majani mabichi kwa sababu yoyote ya kutaka shamba lionekane safi. Baada ya ua kutoka, mgomba hautoi jani jingine tena. Yaliyopo ndiyo yatakayojaza ndizi zote. Unataka angalau majani manane mazima siku mkungu unapochomoza. Ondoa yaliyokauka na yale yaliyojaa madoa, mengine yaache yafanye kazi.

Mkungu umechomoza

Kwenye maeneo yenye joto ua hutoka miezi 9 hadi 12 baada ya kupanda. Kwanza huja jani dogo la mwisho, kisha kichwa kikubwa cha zambarau kinachoinama. Magamba yake hufunguka moja moja, na chini ya kila gamba kuna chane. Ndizi changa mwanzoni huelekea chini, kisha hujipinda kidogo kidogo kuelekea juu. Chane zote zikishatoka, magamba yanayofuata huwa na maua dume tu, yasiyozaa.

Hapo ondoa ua dume lililobaki likining'inia. Halina faida kwa mkungu, na wadudu wanaotembelea maua hayo hubeba bakteria wa mnyauko na kuwaacha kwenye vidonda vya magamba yaliyodondoka. Tumia mti mrefu wenye panda mwishoni, shika kikonyo sentimita 15 hivi chini ya chane ya mwisho, zungusha hadi kikatike. Usitumie panga wala kisu, kwa sababu chuma kilichogusa mgomba mgonjwa kitaambukiza kila utakachokata baadaye. Chagua siku kavu ili kidonda kikauke haraka.

Egemeza mgomba kabla haujaelemewa. Miti miwili iliyofungwa kama mkasi chini ya shingo ya mkungu ni imara kuliko mmoja. Hakikisha haigusi ndizi, na ondoa majani yanayozikwaruza, maana kila mkwaruzo wa sasa utakuwa doa jeusi zikiiva.

Magonjwa unayopaswa kuyatambua

Mnyauko wa bakteria na ugonjwa wa Panama huchanganywa sana, na tofauti yake ina maana kubwa. Pasua ndizi moja. Mnyauko wa bakteria huivisha ndizi kabla ya wakati na bila mpangilio, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata gogo, dakika chache baadaye hutoka ute wa manjano. Ulitambuliwa kwanza Ethiopia, ukafika Uganda mwaka 2001 na kusambaa nchi jirani. Panama haugusi ndani ya tunda. Huanza na majani ya chini kugeuka njano kuanzia kingoni, yakavunjika na kuning'inia kuzunguka gogo, ambalo wakati mwingine hupasuka kwa chini. Ukilikata utaona nyuzi za kahawia au wekundu.

Kwa bakteria, kata gogo lenye dalili usawa wa ardhi mara uonapo, ua kiini chake, na urudie kila wiki. Mashina mengi huweza kuokoka kwa njia hiyo. Kwa Panama hakuna dawa, na fangasi wake hukaa udongoni miongo kadhaa. Tenga eneo, usihamishe mche wala udongo kutoka hapo, hata ule ulioganda kwenye viatu, na ukipanda tena panda aina inayohimili. Kwa yote mawili, safisha panga kati ya shina na shina kwa kulipitisha kwenye moto hadi chuma kipate joto kali, au kwa dawa ya klorini.

Mgomba ukianza kutoa majani membamba, mafupi, yaliyosimama na kusongamana juu kama fungu moja, na vistari vya kijani kizito kwenye vikonyo, hicho ni kirusi kinachoenezwa na vidukari. Ng'oa shina lote, lakini ua vidukari kwanza, la sivyo watahamia kwa jirani. Michirizi ya kahawia inayofuata mishipa ya jani hadi jani likaungua ni ugonjwa wa fangasi uitwao Sigatoka nyeusi. Ondoa sehemu zilizoungua, punguza msongamano na ruhusu hewa ipite.

Fukusi unaweza kuwanasa bila dawa. Pasua kipande cha gogo lililovunwa karibuni kwa urefu, kilaze karibu na shina upande uliokatwa ukiangalia chini. Baada ya siku tatu kiinue asubuhi, utawakuta wadudu weusi wagumu wenye mdomo mrefu wamejikusanya. Waue, weka kipande kipya.

Kuvuna

Hesabu miezi mitatu hadi minne tangu mkungu uchomoze, zaidi kidogo kwenye baridi. Zitazame ndizi za chane ya katikati: zikiwa changa zina kona kali, zikikomaa kona hufifia na ndizi hujaa. Mabaki makavu ya ua kwenye ncha hudondoka ukiyagusa. Vuna zikiwa bado kijani. Ukingoja ya kwanza iwe njano mtini, nyingine zitapasuka au kuliwa na ndege.

Mgomba mrefu uvuneni wawili. Mmoja hukata gogo nusu ya unene wake, katikati ya urefu, ili liiname polepole, mwingine hupokea mkungu begani kabla haujagusa ardhi. Vaa nguo usiyoijali, utomvu wa mgomba hautoki kwenye kitambaa. Tenganisha chane kwa kisu kikali kivulini, zioshe utomvu kwa maji safi, zipange zikilalia majani.

Gogo la mama usilikate chini siku hiyohiyo. Acha kimo cha mita moja au zaidi kwa wiki kadhaa, kwani maji na virutubisho vyake huendelea kushuka kwa mtoto. Baadaye likate, ulipasue vipande vidogo na uvitawanye katikati ya mistari vikauke. Gogo zima lililolala ndilo kitanda cha kuzalia fukusi.

Kuvundika

Ndizi iliyokomaa ina wanga kama asilimia 20 au zaidi. Kwenye ndizi za kula mbivu, karibu wote hugeuka sukari zikiiva. Kinachoanzisha mabadiliko ni gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe hutoa. Kwa hiyo huhitaji dawa. Weka chane mbichi kwenye sanduku au chombo kinachofungika pamoja na ndizi chache zilizoiva, funga siku moja au mbili, kisha fungua hewa iingie. Kwenye joto la nyuzi 16 hadi 20 huiva vizuri, kwa rangi moja, ndani ya siku nne hadi sita. Joto likizidi nyuzi 30, nyama hulainika wakati ganda bado la kijani.

Kabaidi usiitumie. Ile inayouzwa kwa kazi za kuchomelea vyuma huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na nchi nyingi zimepiga marufuku kuivundikia matunda. Isitoshe, huipa ndizi rangi ya njano nje huku ndani ikiwa haijakolea ladha.

Ndizi mbichi usizitie kwenye friji: chini ya nyuzi 13 ganda huwa la kijivu na hazitaiva sawasawa tena. Zikishaiva ni sawa. Ganda litakuwa jeusi lakini ndani zitabaki nzuri kwa siku kadhaa. Zilizozidi zimenye uzigandishe, na zile mbichi zisizo na mlaji zikate vipande vyembamba, zichovye kwenye maji ya ndimu zisiwe nyeusi, zianike juani hadi zivunjike kwa vidole, kisha zisage unga.